Priscianus

Priscianus wa Caesarea (kwa Kilatini: Priscianus Caesariensis) alikuwa mwalimu na mwanasarufi wa Kilatini aliyeishi kati ya mwisho wa karne ya 5 na mwanzo wa karne ya 6. Anajulikana hasa kwa kitabu chake Institutiones Grammaticae, yaani Misingi ya Sarufi.

Maisha

Hutajwa kuwa mzaliwa wa Caesarea katika Mauretania, mji wa Afrika Kaskazini ambao leo unaitwa Cherchell, nchini Algeria. Alisoma kwa mwalimu Theoctistus, akafundisha Konstantinopoli (leo Istanbul, Uturuki). Alitunga shairi la kumsifu Kaisari Anastasius I, aliyetawala miaka 491–518.

Mjini humo Kilatini kilikuwa bado lugha ya sheria, lakini wakazi wengi walisema Kigiriki. Kwa hiyo wanafunzi walihitaji kuelezwa kila umbo la neno, kwa kuwa hawakukua na lugha hiyo nyumbani.

Mafundisho kuhusu kitenzi

Kitabu chake kina sehemu 18. Sehemu ya 8 hadi ya 10 zinahusu kitenzi. Kiswahili huonyesha mtendaji mwanzoni mwa kitenzi, lakini Kilatini humwonyesha mwishoni: amo (ninapenda), amas (unapenda), amat (anapenda).

Donatus, mwanasarufi wa karne ya 4, alihesabu minyambuliko 3 ya vitenzi. Priscianus alihesabu 4, akiitambua kwa nafsi ya pili umoja:
- amas (unapenda)
- doces (unafundisha)
- legis (unasoma)
- audis (unasikia)

Maneno mawili ya mwisho yote huishia na -is, ila irabu i ni fupi katika legis na ndefu katika audis. Matamshi huweza kubadilisha hata wakati wa tendo: legit yenye e fupi ni "anasoma", yenye e ndefu ni "alisoma". Kwa kawaida maandishi hayakuonyesha tofauti hiyo, na katika usemi wa kila siku ilikuwa ikipotea. Bila mwalimu, msomaji angeweza kukosea maana.

Athari

Miaka 526–527 kitabu hicho kilinakililiwa na Theodorus, mwanafunzi wake. Katika Zama za Kati kilienea katika shule za Ulaya, na nakala zaidi ya 500 za mkono zimehifadhiwa. Hadi leo wanaojifunza Kilatini hufundishwa minyambuliko 4.