BUNSEN ALIKUWA MTU

Kila tukiingia maabara, jina la Bunsen hutajwa si chini ya mara ishirini. Tunaagizana tulete Bunsen, tuwashe Bunsen, tuzime Bunsen gesi isiishe. Mimi nilidhani ni jina la kampuni tu, kama yale majina yanayopigwa chapa kwenye mabati. Kumbe alikuwa mtu, tena mtu mwenye jicho moja!

Robert Wilhelm Bunsen alizaliwa mwezi wa Machi mwaka wa 1811 mjini Göttingen, Ujerumani, akiwa kitinda mimba wa wavulana wanne. Baba yake alikuwa profesa wa lugha, kwa hivyo sisi wa Chama cha Kiswahili tunaweza kumdai kidogo. Lakini kijana hakufuata lugha. Alifuata kemia, na kabla ya kufika umri wa miaka 21 alikuwa tayari ni daktari wa falsafa.

Mwaka wa 1834, yeye na tabibu mmoja aitwaye Berthold walivumbua dawa ya sumu ya aseniki. Na dawa yenyewe si ngeni kwetu. Ni yale mashapo ya rangi ya kutu yanayotokea ukitia sodiamu haidroksaidi ndani ya maji ya chumvi ya chuma. Yakiwa bado mabichi, hushika aseniki tumboni isiyeyuke na kuingia mwilini. Sisi tukiyaona huandika jibu kisha tunamwaga kwenye sinki.

Baadaye Bunsen alianza kuchunguza michanganyiko ya aseniki yenye uvundo wa kutisha, ambayo baadhi yake huwaka yenyewe ikikutana na hewa. Siku moja chombo kililipuka, kigae cha kioo kikamwingia jicho la kulia. Jicho hilo halikuona tena. Juu ya hayo, aseniki ilimlaza kitandani karibu kufa. Alipopona aliendelea na uchunguzi huo mpaka akaumaliza, ndipo akahamia mambo mengine. Wenzangu mnaochungulia ndani ya neli ya majaribio ikichemka juu ya moto, mmesikia.

Mwaka wa 1852 aliitwa kufundisha katika Chuo Kikuu cha Heidelberg, akakaa huko mpaka uzeeni. Maabara mpya ilipojengwa ilitiwa gesi ya mabomba, lakini taa za gesi za wakati ule zilitoa mwali wa njano wenye masizi. Bunsen alitaka mwali wenye joto kali usio na rangi. Mwaka wa 1855 fundi wa chuo, Peter Desaga, alimtengenezea kichomeo chenye matundu chini ya bomba, ili gesi ichanganyike na hewa kabla ya kuwaka. Ni haki Desaga naye atajwe, maana mikono iliyokiunda ni yake. Tena Michael Faraday wa Uingereza alikuwa ametangulia na wazo linalofanana na hilo. Bunsen hakukiwekea hataza. Kila aliyetaka alikitengeneza na kukiuza, yeye asipate hata ndururu.

Sasa, kwa nini alitaka mwali usio na rangi? Kwa sababu rangi ilipaswa kutoka kwa chumvi. Tunajua kwamba sodiamu hutoa njano, potasiamu zambarau hafifu, kalsiamu nyekundu ya tofali, shaba kijani chenye samawati. Kwenye kitabu ni rahisi. Lakini sodiamu ni mchokozi. Kidogo tu, hata ya jasho la kidole, hufunika rangi za wengine wote. Muhula uliopita nilipewa chumvi isiyojulikana, nikaona njano, nikaandika sodiamu bila kufikiri mara mbili. Ilikuwa potasiamu. Waya sikuuosha vizuri kwa asidi. Alama zikaenda hivyo hivyo nikizitazama.

Nilifarijika nilipojua kwamba tatizo hili lilimsumbua hata mwenyewe. Bunsen alikuwa akitazama mwali kupitia vioo na maji ya rangi ya samawati ili njano izuiwe na rangi nyingine ionekane. Rafiki yake Gustav Kirchhoff, mwanafizikia, akamshauri apitishe mwanga katika prizimu. Mwaka wa 1859 wakaunda spektroskopu. Mwanga uligawanyika kuwa mistari, na kila elementi ilikuwa na mistari yake, mahali pake, isiyofanana na ya mwingine. Njano ya sodiamu haikuweza tena kuficha mtu.

Mwaka wa 1860 waliona katika maji ya chemchemi ya Dürkheim mistari miwili ya samawati isiyo ya elementi yoyote iliyojulikana. Wakaiita elementi hiyo seziamu, kwa neno la Kilatini la rangi ya mbingu. Mwaka wa 1861 wakapata rubidiamu, yenye mistari myekundu. Ili kuzipata, maji yapatayo lita 44,000 yalichemshwa, na chumvi za elementi hizo mbili zilizopatikana hazikuzidi gramu 20! Nasi tunalalamika kungoja fuwele kwa siku mbili.

Kirchhoff aligeuzia mistari hiyo kwenye jua, akaonyesha kwamba hata huko kuna sodiamu. Kisha mwaka wa 1868 wataalamu waliona katika jua mstari wa njano, wengine wakadhani ni sodiamu tena, kama mimi na waya wangu mchafu. Ulikuwa wa heliamu, ambayo William Ramsay aliipata hapa duniani mwaka wa 1895.

Bunsen alikuwa bado hai, mzee wa miaka 84. Hakuoa maisha yake yote. Alistaafu mwaka wa 1889, akafariki Heidelberg tarehe 16 Agosti 1899, na huko ndiko alikozikwa.