Ramana Maharshi: Kijana wa miaka 16 aliyelala chini na kuitazama hofu ya kifo

Wengi wanaojaribu kutafakari hukwama mapema. Ukifunga macho tu, machungu uliyoyafukia miaka yote yanaibuka. Ramana Maharshi, mmoja wa walimu wa Kihindu wanaojulikana zaidi duniani, alianzia hapo hapo.

Alizaliwa Tiruchuli, kusini mwa India, Desemba 30, 1879, akaitwa Venkataraman. Mwaka 1892 baba yake alifariki, yeye akiwa na miaka 12 tu. Familia ikagawanyika: mama akabaki na wadogo, yeye na kaka yake wakaenda kuishi kwa ndugu wa baba mjini Madurai.

Huko alionekana yuko fresh kabisa. Shule, mpira, mieleka, kuogelea. Habari za msiba zikawa kama zimeisha.

Hazikuwa zimeisha. Julai 1896, akiwa peke yake chumbani na wala haumwi, hofu ya kufa ilimvamia ghafla. Hakukimbia, hakuita mtu. Alilala chini, akakaza mwili kama maiti, akabana pumzi, akajiuliza kama mwili ukifa na yeye ndiyo basi tena. Alipoinuka, hofu ile ilikuwa imeondoka, na alisimulia baadaye kwamba haikurudi.

Wiki sita baadaye alitoroka nyumbani. Septemba 1, 1896 alifika Tiruvannamalai, kwenye mlima Arunachala, na hakuondoka tena mpaka kufa.

Lakini kidonda kingine kilibaki kwa mama, Alagammal. Alimfuata mwaka 1898, akalia, akambembeleza arudi. Kijana alikuwa kwenye ukimya. Akamjibu kwa kuandika tu. Mama akarudi mikono mitupu.

Mwaka 1916 mama alikuja tena, safari hii kuishi naye. Alipokata roho Mei 19, 1922, mwanaye alikuwa amekaa naye kutwa nzima, mkono mmoja kifuani kwake, mwingine kichwani. Makao yake ya kiroho, Sri Ramanasramam, yalikua kando ya kaburi la mama.

Mafunzo yake yalibaki mepesi kueleza, magumu kufanya: uchungu ukija, usiufukuze. Tulia, uliza ni nani hasa anayeumia, na ukae na swali hilo.

Alifariki Aprili 14, 1950, akiwa na miaka 70.