Kleist Sykes

Kleist Abdallah Sykes (Pangani, 1894 - Dar es Salaam, 23 Mei 1949) alikuwa karani wa reli, mfanyabiashara na mmoja wa waanzilishi wa African Association, chama kilichokuja kuwa chimbuko la TANU. Anakumbukwa pia kwa sababu aliandika habari za ukoo wake, ambao asili yake ni askari aliyeletwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19.

Asili ya ukoo

Mwaka 1888 watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, waliinuka dhidi ya Wajerumani. Serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann von Wissmann kuwapiga. Wissmann aliajiri askari wa Kisudani waliopatikana Misri, na wengine kutoka kusini mwa Msumbiji ambao waliitwa Wazulu. Miongoni mwa hao wa pili alikuwamo Sykes Mbuwane, mwenyeji wa eneo la Inhambane, baba yake Kleist.

Abushiri alishindwa na kunyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Miaka mitano baadaye, katika mji huohuo, Kleist alizaliwa. Wakati huo Wajerumani walikuwa wanapigana na Wahehe wa Mtwa Mkwawa. Kwa masimulizi ya ukoo, Sykes Mbuwane alikwenda katika vita hivyo na akafa maji katika mto Ruaha alipokuwa akirudi. Mwanawe alikuwa bado mchanga.

Malezi

Mtoto huyo alilelewa na Affande Plantan, askari mwenzake marehemu, aliyetoka naye Msumbiji. Ndiyo maana Kleist alijulikana pia kwa jina la Plantan. Alikua pamoja na watoto wa mlezi wake: Thomas, Schneider, na Ramadhan Mashado Plantan aliyekuja kuwa mwenye gazeti la Zuhra.

Kleist alisoma katika shule ya Wajerumani, akajifunza lugha yao na kazi ya ukarani. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, alipigana upande wa Ujerumani katika jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck. Baada ya vita Tanganyika ilitawaliwa na Waingereza, naye akaajiriwa katika Reli ya Tanganyika. Alifanya kazi huko hadi mwaka 1942, kisha akajishughulisha na biashara.

African Association na Al Jamiatul Islamiyya

Mwaka 1924 Dk. James Aggrey, mwalimu mzaliwa wa Gold Coast (leo Ghana) aliyeishi Marekani, alipita Dar es Salaam pamoja na tume ya elimu ya Phelps-Stokes. Kleist alikutana naye, na Aggrey alimtia moyo kuwaunganisha Waafrika katika chama chao wenyewe.

African Association iliundwa mwaka 1929. Rais wake wa kwanza alikuwa Cecil Matola, naye Kleist akawa katibu. Wanachama walijenga nyumba ya chama katika mtaa wa New Street, ambao leo ni Mtaa wa Lumumba. Kleist alikuwa pia miongoni mwa waanzilishi wa Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, jumuiya iliyoanzisha shule ya kufundisha watoto wa Kiislamu elimu ya dini pamoja na masomo mengine.

Watoto wake

Wanawe Abdulwahid na Ally walikuwa askari kama baba na babu yao, lakini chini ya Waingereza. Katika Vita Kuu ya Pili walitumikia King's African Rifles na kupelekwa Burma. Waliporudi waliingia katika siasa.

Tarehe 7 Julai 1954, katika nyumba ileile ya New Street, chama kiligeuzwa kuwa TANU chini ya Julius Nyerere, na ndugu hao wawili walikuwa kati ya waanzilishi. Kleist alikuwa amefariki miaka mitano kabla. Hivyo katika vizazi vitatu ukoo ulitoka kwenye jeshi lililoiteka nchi hadi kwenye chama kilichodai uhuru wake.

Kumbukumbu ya ukoo

Nchini Marekani wapo wanaofuatilia nasaba zao hadi kwa askari wa vita vya uhuru vya 1775-1783. Chama cha Daughters of the American Revolution, kilichoundwa mwaka 1890, hudai hati za kuthibitisha kila kizazi, na babu anayetafutwa ni yule aliyesaidia kuleta uhuru. Ukoo wa Sykes ulitegemea zaidi masimulizi ya wazee, na babu yao alipigana kwa niaba ya wakoloni. Hata hivyo Kleist hakulificha jambo hilo. Kabla ya kufa aliandika maisha yake pamoja na habari za baba yake.

Mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, aliyatumia maandishi hayo kuandika sura juu ya babu yake katika kitabu cha Modern Tanzanians, kilichohaririwa na John Iliffe mwaka 1973. Baadaye Mohamed Said aliendeleza historia hiyo katika kitabu chake juu ya Abdulwahid Sykes, kilichotolewa mwaka 1998. Mtaa wa Kipata jijini Dar es Salaam sasa unaitwa Mtaa wa Kleist Sykes.