Wilhelm Maybach, Mtu Aliyeipoza Injini

Lori lililojaa magunia ya dagaa, likitoka Kigoma kwenda Kasulu, hupanda milima kwa gia ndogo. Injini hunguruma kwa nguvu, lakini magurudumu huzunguka polepole. Mara nyingine mvuke huanza kufuka kutoka chini ya boneti. Hapo dereva husimama kando ya njia, na utingo huchukua dumu kwenda kutafuta maji. Watu husema gari limechemsha. Madereva wachukuao maharage kutoka Kibondo huyajua mambo hayo vile vile. Lakini mgonjwa anayepelekwa hospitali katika gari kuukuu huyajua zaidi ya wote, maana injini ikichemsha njiani, yeye hana budi kungoja ipoe.

Kwa nini gari lichemshe likienda polepole mlimani, na lisichemshe likienda mbio mahali tambarare? Swali hili liliwasumbua sana watengenezaji wa magari ya kwanza. Aliyelijibu vizuri kuliko wenzake alikuwa yatima wa Kijerumani, jina lake Wilhelm Maybach.

Maybach alizaliwa tarehe 9 Februari, 1846, katika mji wa Heilbronn. Baba yake alikuwa seremala. Mama yake alifariki mwaka 1854, na baba yake akafariki miaka miwili baadaye. Hivyo Wilhelm alipofikia umri wa miaka kumi hakuwa na mzazi hata mmoja. Alipelekwa katika mji wa Reutlingen, kwenye nyumba ya kulelea watoto iliyoongozwa na Gustav Werner. Nyumba hiyo haikuwapa watoto chakula na mahali pa kulala tu. Ilikuwa na karakana yake ya mashine, na watoto walifundishwa kazi humo. Wilhelm alionekana kuwa na kipawa cha kuchora mashine. Mchana alifanya kazi katika chumba cha wachoraji, na jioni alikwenda shule ya mjini kujifunza fizikia na hesabu.

Katika karakana hiyo alikutana na Gottlieb Daimler, mhandisi aliyemzidi umri kwa miaka kumi na miwili. Tangu hapo watu hawa wawili hawakuachana. Daimler alipohamia Karlsruhe, Maybach alimfuata mwaka 1869. Alipokwenda kufanya kazi katika kiwanda cha injini cha Deutz, karibu na Köln, Maybach alimfuata tena. Mwaka 1882 waliacha kazi hiyo, wakahamia Cannstatt, karibu na Stuttgart, wakageuza kibanda cha bustani ya Daimler kuwa karakana. Walifanya kazi humo kwa siri, hata usiku. Husimuliwa kuwa mtunza bustani aliingiwa na wasiwasi kwamba wanatengeneza fedha za bandia, akaita polisi. Polisi waliingia wakakuta vyuma na spana tu.

Walichokuwa wakikitengeneza kilikuwa injini ndogo, nyepesi, iliyozunguka upesi sana. Iliweza kuzunguka mara 600 hivi kwa dakika, hali injini nyingi za wakati ule hazikufikia 200. Mwaka 1885 waliitia katika baiskeli ya mbao, na mwaka uliofuata wakaitia katika gari lililotengenezwa kwa kuvutwa na farasi.

Sasa na tuitazame injini yenyewe. Petroli huungua ndani ya silinda, na moto huo husukuma pistoni. Lakini si joto lote linaloisukuma pistoni. Kwa makadirio, sehemu moja katika tatu hufanya kazi ya kuliendesha gari. Sehemu ya pili hutoka na moshi. Sehemu ya tatu hubaki katika vyuma vya injini, na isipoondolewa, vyuma hutanuka, mafuta ya kulainisha huungua, na pistoni hukwama. Kwa sababu hiyo maji hupitishwa kandokando ya silinda ili yalichukue joto hilo.

Lakini maji yakiisha kulichukua joto yalipeleke wapi? Katika magari ya kwanza yaliachwa yachemke, mvuke ukapotea hewani, na dereva akaongeza maji mengine. Mwezi wa Agosti 1888 Bertha Benz, mke wa Karl Benz, aliendesha gari la mumewe pamoja na wanawe wawili kutoka Mannheim hadi Pforzheim, mwendo wa zaidi ya kilometa 100. Ilimlazimu kusimama mara nyingi kuongeza maji. Utingo wa Kasulu mwenye dumu lake angemwelewa vizuri sana mama huyo.

Maybach hakuridhika na jambo hilo. Katika gari alilolionyesha Paris mwaka 1889, aliyapitisha maji ndani ya mabomba ya chuma yaliyokuwa mifupa ya gari lenyewe, ili yapoe yakiwa safarini. Mwaka 1897 alitengeneza rejeta yenye mirija mingi midogo. Rejeta hiyo ilikuwa nzuri, lakini bado gari lilihitaji kubeba maji mengi, kama lita 18, na maji ni mzigo.

Mwaka 1900 ulikuwa mgumu kwake. Tarehe 6 Machi Daimler alifariki. Mwishoni mwa mwezi huo huo dereva mmoja wa kampuni yao alipata ajali katika mashindano ya kupanda mlima karibu na Nice, Ufaransa, akafa. Magari yao ya wakati ule yalikuwa mazito, mafupi, na yaliyoinuka mno kutoka ardhini. Mfanyabiashara Emil Jellinek, aliyeyauza magari hayo huko Nice, alitaka gari jipya kabisa: lenye nguvu zaidi, jepesi zaidi, refu na la chini. Aliahidi kununua magari 36, kwa sharti kwamba yaitwe kwa jina la binti yake, Mercédès.

Gari lenye nguvu zaidi huchoma petroli zaidi, na hivyo lina joto zaidi la kuondoa. Lakini gari jepesi haliwezi kubeba maji mengi. Maybach afanye nini?

Fikiria chai ya moto. Ukiimimina katika kisahani hupoa upesi kuliko ikiwa kikombeni, kwa sababu imetanda na kugusana na hewa mahali pengi. Maybach aliyatandaza maji yake kwa namna hiyo. Alichukua mirija 8,070, kila mmoja una pande nne, na kila upande una milimeta 6 tu. Akaipanga pamoja mpaka ikafanana na sega la nyuki. Hewa ilipita ndani ya mirija. Maji yalishuka katika nafasi nyembamba zilizoizunguka mirija hiyo. Basi maji kidogo yaligusana na chuma kingi, na chuma kingi kiligusana na hewa nyingi. Lita 9 zikatosha pale palipohitajiwa 18.

Hata hivyo, rejeta peke yake haitoshi. Gari likienda mbio, upepo hupita wenyewe katika mirija. Likipanda mlima polepole, upepo huo hupungua, na huo ndio wakati injini inapofanya kazi nzito kuliko wakati wowote. Mama hupuliza uji wa moto ili aondoe hewa ya moto iliyo juu ya uji na kuleta hewa mpya. Maybach aliipuliza rejeta: aliweka pangaboi nyuma yake, la kuvuta hewa ipite katika mirija hata gari likienda polepole.

Gari la kwanza la namna hiyo, lenye nguvu za farasi 35, lilitolewa kiwandani Desemba 1900. Machi 1901 magari haya yaliyashinda mengine huko Nice. Viwanda vingi vikaanza kuiga umbo lake, na Wafaransa wakamwita Maybach mfalme wa watengenezaji.

Mwaka 1907 aliondoka katika kampuni ile aliyoijenga kwa jasho lake, baada ya mabishano marefu na wakubwa wake. Alikuwa na umri wa miaka 61. Pamoja na mwanawe Karl alishughulika na injini za ndege kubwa za gesi zilizoundwa na Zeppelin. Alifariki tarehe 29 Desemba, 1929, akazikwa Cannstatt, karibu na kaburi la rafiki yake Daimler.

Pangaboi la magari ya zamani, kama vile Land Rover nyingi zilizotumika katika barabara za Kibondo, lilizungushwa kwa mkanda uliofungwa kwenye injini. Jambo hili lina kasoro. Gari likimaliza kupanda na kusimama sokoni huku injini ikizunguka taratibu, joto bado ni jingi, lakini pangaboi nalo huzunguka taratibu. Asubuhi, injini ikiwa baridi, pangaboi huendelea kuipoza bila sababu na kula nguvu yake. Tena mkanda hulegea, na hata kukatika.

Siku hizi fundi aweza kuliondoa pangaboi hilo na kufunga la umeme. Mota yake hupata umeme kutoka betri, kwa hiyo mwendo wake hautegemei mwendo wa injini. Lakini nani aliambie lini lizunguke? Fundi hufunga swichi ya joto mahali maji yapitapo. Maji yakifikia joto fulani, kwa mfano digrii 95 za Sentigredi, swichi hujifunga na umeme ukapita. Yakipoa digrii chache, hujifungua, na pangaboi likasimama. Pangaboi kubwa hula umeme mwingi, labda ampea 15 au zaidi, ambao ungeweza kuiunguza swichi ndogo. Kwa sababu hiyo swichi hupewa umeme kidogo tu wa kuamrisha rilei, na rilei ndiyo hupitisha umeme mwingi kwa waya mnene na fyuzi. Fundi mwangalifu hutazama pia kama dainamo ya gari kuukuu yaweza kurudisha umeme huo katika betri. Halafu hutazama upande ambao hewa inakwenda: waya zikigeuzwa, mota huzunguka kinyume, na pangaboi likapigana na upepo.

Mambo mawili ni ya hatari. Usiweke mkono karibu na pangaboi la umeme hata kama injini imezimwa, kwa maana swichi ya joto yaweza kuliwasha wakati wowote. Wala usifungue kifuniko cha rejeta yenye moto. Sehemu nyingi za nyanda za Kasulu na Kibondo ziko zaidi ya meta 1,200 juu ya usawa wa bahari, na huko maji ya sufuria wazi huchemka kwa digrii 96 hivi. Kifuniko hukandamiza maji ya rejeta ili yasichemke mapema. Kikifunguliwa, maji huruka mara moja yakiwa mvuke na kumwunguza mtu usoni.

Jaribio

Chukueni vikombe viwili na sahani mbili pana. Mimineni maji ya moto ya kipimo kile kile katika kila chombo. Mwanafunzi mmoja apepee sahani moja na kikombe kimoja kwa daftari. Baada ya dakika tano pimeni joto la maji yote kwa kipimajoto, na kuandika majibu katika jedwali.

Maswali

1. Kwa nini Maybach alitumia mirija midogo mingi badala ya bomba moja kubwa?
2. Pangaboi la mkanda na pangaboi la umeme hutofautianaje gari linaposimama?
3. Rilei ina kazi gani?
4. Muulizeni dereva au fundi wa karibu nanyi: ni mlima gani katika wilaya yenu unaochemsha magari, na wao hufanya nini?