Secondo Pia, wakili aliyepiga picha Sanda ya Turin

Kwa miaka 33 Secondo Pia aliishi na shutuma kwamba alighushi picha. Wala hakuwa mpiga picha wa biashara. Alikuwa wakili, mzaliwa wa Asti, kaskazini mwa Italia, mwaka 1855, na kamera ilikuwa mapenzi yake tu. Alizunguka nayo mkoa wa Piedmont akipiga picha za makanisa ya zamani na michoro yake.

Mwaka 1898 mji wa Turin uliandaa maonyesho ya Sanda, kitambaa cha kitani chenye urefu wa takriban mita 4.4 na upana wa mita 1.1, chenye alama za mwili wa mtu, mbele na mgongoni. Wakristo wengi wanaamini ndicho alichozikiwa Yesu. Wakati huo kilikuwa mali ya ukoo wa kifalme wa Savoy, na Mfalme Umberto wa Kwanza ndiye aliyeruhusu kipigwe picha.

Jaribio la Mei 25 halikufaulu. Joto la taa lilipasua vioo vilivyowekwa mbele yake. Pia alirudi kanisani usiku wa Mei 28. Safari hii Sanda ilikuwa imefunikwa kwa kioo, na kioo hurudisha mwanga. Picha haikuwa ya kubonyeza mara moja kama kwenye simu yako: mabamba ya kioo ya sentimita 50 kwa 60 yaliachwa yapokee mwanga wa taa za umeme, moja dakika 14, jingine 20.

Alipoyasafisha, akaona jambo asilolitarajia. Kwenye negativu cheupe hugeuka cheusi, na sura ya mtu huwa ngumu kutambulika. Hapa ilijitokeza sura ya mwanamume, iliyo wazi kuliko ile ya kwenye kitambaa. Inasimuliwa kwamba nusura bamba limponyoke.

Magazeti yalipoichapisha, maneno yakaanza. Wapo waliodai amelichezea bamba, wapo waliosema taa iliwekwa nyuma ya kitambaa. Angejitetea vipi? Sanda ilikuwa imerudishwa kufungiwa, na funguo hazikuwa zake. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uonevu, kwani ushahidi wote ulikuwa kwa mwenye mali.

Ilibidi angoje hadi mwaka 1931, Sanda ilipoonyeshwa tena na Giuseppe Enrie, mpiga picha wa kazi, akapewa nafasi. Pia alikuwepo, mzee wa miaka 75. Matokeo yakawa yale yale. Alifariki mwaka 1941.

Picha yake ndiyo iliyowavuta wanasayansi. Mwaka 1988 maabara za Oxford, Zurich na Arizona zilipima kaboni katika vipande vya kitambaa, zikapata umri wa kati ya mwaka 1260 na 1390. Wako wanaopinga mahali vipande vilipokatwa. Vyovyote iwavyo, Pia alituhumiwa kuhusu picha, si kuhusu umri wa kitambaa.

Mwaka 2002 viliondolewa viraka ambavyo watawa walivishona mwaka 1534, baada ya moto wa Chambéry wa 1532. Muuza vitambaa anajua jua na mikunjo vinavyoharibu jora. Sanda sasa imelazwa kwa urefu wake wote bila kukunjwa, gizani, ndani ya kasha lenye gesi ya argoni. Kamera ya Pia nayo imehifadhiwa Turin, katika makumbusho ya Sanda.