FUMO LIYONGO: SHUJAA WETU SOTE

Kaeni kitako niwasimulie habari za mtu aliyekufa zamani sana, lakini jina lake bado linaleta ubishi hapa petu.

Ubishi wenyewe ulianzia katika kikao cha chama chetu. Mada ilikuwa alama za taifa. Tulitaja bendera, tukataja nembo yenye simba wawili na ngao, kisha tukafika kwenye wimbo wa taifa. Hapo Wapokomo walitabasamu, maana si siri kwamba lahani ya wimbo ule imetokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea watoto. Mwaka wa 1963 kamati ya wanamuziki watano, yaani Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ndiyo iliyoutengeneza ukawa wimbo wa nchi nzima. Basi mlezi wa chama akatuuliza: na shujaa wa delta hii ni nani? Watu watatu wakajibu kwa pamoja: Liyongo! Mmoja alikuwa Mpokomo, mmoja Mworma, na mmoja Mswahili wa Kipini. Kila mmoja akadai ati Liyongo ni wa kwao. Jameni, siku ile kidogo tupigane! Mimi nilinyamaza, nikaenda kutafuta ukweli.

Fumo Liyongo alikuwa nani? Fumo ni cheo cha mtawala, na pia ni jina la mkuki. Inasemekana aliishi Shaka, mji wa kale wa pwani hii yetu. Wataalamu hawajaafikiana aliishi karne gani. Wapo wanaomweka kabla ya mwaka wa 1300 na wapo wanaomsogeza karibu na miaka ya 1600. Lakini sifa zake zinajulikana pwani nzima. Mwaka wa 1870 Edward Steere alichapisha kisa chake kama kilivyosimuliwa Unguja. Mwaka wa 1913 Muhammad Kijumwa, mshairi na fundi wa nakshi wa Lamu, alikiandika kwa utenzi.

Liyongo alikuwa jitu la miraba minne, mrefu ajabu, na hodari wa kutupa mshale. Tena hakuwa mtu wa nguvu tu. Alikuwa malenga. Nyimbo nyingi za gungu, ile ngoma ya harusini ya Waswahili wa kale, zinahesabiwa kuwa zake.

Siku moja wageni walifika Pate kwa sultani. Masimulizi yanawaita Wagala. Jina hilo ndugu zetu Waorma hawalipendi, nami nalitaja mara hii moja tu kwa kuwa ndilo lililoandikwa. Wageni wale walisikia sifa za Liyongo wakataka kumwona. Alipokuja alibeba mkoba begani. Alipoufungua, walitoka kinu na mchi, jiwe la kusagia, vyungu na mafiga matatu! Kumbe alikuwa amebeba jiko zima. Wageni walishika vinywa. Wakamwomba sultani awape mtu huyu aoe kwao, wapate mbegu yake. Liyongo akaoa binti yao, akazaa mtoto wa kiume.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Sultani wa Pate, ambaye wengi humwita Daudi Mringwari, aliingiwa na hofu. Aliona mtu kama huyu, mwenye nguvu, mwenye kupendwa na watu na sasa mwenye wakwe wa bara, ipo siku atamnyang'anya kiti. Akawaendea wawindaji wa msituni, Wasanye na Wadahalo, akawaahidi fedha wakimletea kichwa chake.

Wawindaji wale walifanya kikoa na Liyongo, kila mmoja akipata zamu ya kuleta chakula. Siku ya makoma walipanda mikoma mmoja mmoja. Shauri lao lilikuwa kwamba zamu ya Liyongo ikifika, wamfume kwa mishale akiwa juu. Lakini zamu yake ilipofika hakupanda. Alichagua mkoma mrefu kuliko yote, akavuta uta, akayaangusha makoma kwa mishale akiwa amesimama chini. Wawindaji wakatazamana. Walirudi Pate mikono mitupu.

Sultani hakukata tamaa. Alimwalika Liyongo kwenye ngoma Pate, akamkamata, akamtia gerezani na minyororo. Kila siku mama yake, Mbwasho, alimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi aitwaye Saada. Walinzi walikula vilivyo vizuri, makombo wakamwachia yeye. Liyongo akatumia akili. Alimwimbia Saada ujumbe wa mafumbo ampelekee mama: atengeneze mkate mzuri, na mwingine wa wishwa, na ndani ya ule wa wishwa atie tupa. Walinzi walichukua mkate mzuri, wakadharau wa wishwa. Alipoulizwa anataka nini kabla ya kuuawa, aliomba apigiwe ngoma kubwa ya gungu. Matari, upatu na nyimbo vikahanikiza mji mzima, naye huko ndani anakereza minyororo. Ngoma ilipokolea akatokea mlangoni akiwa huru. Watu mbio, huyu huku, yule kule!

Alikwenda kuishi mwituni. Adui zake walishindwa naye kwa mishale, kwa ngoma na kwa gereza. Ikabaki njia moja. Sultani alimwita mwana wa Liyongo, akamwahidi uwaziri na binti yake amuoe, mradi apeleleze ni kitu gani kinachoweza kumwua babake. Kijana akaenda, akauliza. Liyongo alijua ametumwa. Alijua pia kwamba amedanganywa. Hata hivyo alimwambia: ni sindano ya shaba, tena ya kitovuni. Kwa nini alimwambia? Nimelifikiria swali hili usiku mwingi. Nadhani mzazi akishafika mahali pa kumficha mwanawe roho yake, hana tena cha kuokoa.

Usiku, baba akiwa usingizini, kijana alimdunga. Liyongo akaamka kwa uchungu, akachukua uta na mishale, akaenda hadi kisimani. Akapiga goti, akavuta uta, akakata roho vivyo hivyo. Watu walimwona kwa mbali wakadhani yu hai amekasirika. Hakuna aliyethubutu kuteka maji. Mji ukapata kiu mpaka walipomwomba mama yake aende kumsihi. Baada ya siku kadhaa mwili ulianguka, ndipo wakaiona sindano. Na yule kijana? Masimulizi mengine husema aliuawa, mengine kwamba aliugua akafa. Yote yanakubaliana kwamba binti hakumpata.

Pande za Ozi na Kipini, karibu na Mto Tana unapoingia baharini, wenyeji huonyesha mahali wanaposema ndipo alipozikwa. Kutoka hapa Idsowe ni kushika barabara ya Lamu mpaka Witu, kisha kuelekea baharini.

Sasa wenzangu, turudi kwenye ubishi wetu. Mswahili ana haki, maana lugha ya Liyongo ndiyo lugha ya chama hiki. Mwenzetu Mworma ana haki, kwa kuwa mke na mtoto walitoka kwa wazee wake. Mpokomo ana haki, kwa kuwa Ozi ni ardhi ya mababu zake na wazee wake wanamsimulia. Hata Msanye aliyekula naye kikoa anaweza kuinua mkono. Kwani kuna kabila la delta hii ambalo halimo katika maisha yake?

Mwaka wa 2012 na mwanzoni mwa 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika delta hii, Wapokomo na Waorma, kwa sababu ya malisho, mashamba na siasa. Wengi wetu tulikuwa wadogo au hatujazaliwa, lakini nyumbani tunajua ni nani hakurudi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Liyongo hakuuawa na mgeni. Aliuawa na wa damu yake aliyeahidiwa cheo na mtu mwingine.

Kwa hiyo, kila tarehe 20 Oktoba tunapoadhimisha Mashujaa Dei, na kila tunapoimba wimbo wa taifa gwarideni, tukumbuke kwamba wimbo uliotoka mdomoni mwa mama wa Kipokomo sasa unaimbwa na Wakenya wote, wala Mpokomo hajapungukiwa na chochote. Na Liyongo naye awe hivyo. Akija mtu kutuahidi makubwa ili tuchomane, tumwulize kwanza: yule kijana alimpata binti?

Wino wa kalamu yangu umekauka. Kwaherini, tuonane toleo lijalo.