Eileen Power, aliyewasaka wanawake kwenye madaftari ya kale

Hebu fikiria. Umekesha ukisoma, mtihani wa mwisho umeupasua, umepata daraja la kwanza. Kisha vijana wa kiume mliosoma nao wanapewa digrii, wewe huipati, eti kwa sababu wewe ni msichana. Ndivyo mambo yalivyokuwa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, Eileen Power alipomaliza masomo yake ya historia mwaka 1910. Cambridge ilikuja kuwapa wanawake digrii kamili mwaka 1948. Wakati huo Eileen alikuwa amefariki miaka minane iliyopita.

Tangu utotoni hakudekezwa na maisha. Alizaliwa 1889, babake akafungwa kwa ulaghai yeye akiwa bado mdogo, na mamake akafariki Eileen akiwa na miaka 14.

Sasa, alichokitafuta ni wanawake wa Ulaya ya Enzi za Kati. Utawapata wapi? Vitabu vya wakati ule viliandikwa zaidi na makasisi na watu wa tabaka la juu. Kasisi angekuambia mwanamke ni mtego wa shetani, ama amtukuze kama Bikira Maria. Mama anayehangaika kulisha watoto hayumo.

Eileen akaenda kwenye makaratasi ambayo wengi huyaona yanachosha: hesabu za mapato, wosia, kesi za mahakama, ripoti za maaskofu. Humo ndimo walimokuwa! Wanawake wanaopika pombe na kuuza, wanaosokota sufu, wajane wanaoendesha biashara walizoachiwa, wake wa mabwana wakubwa wanaosimamia mashamba waume wakiwa vitani. Hakudai walikuwa huru, maana mali ya mke iliwekwa chini ya mumewe. Ila kazi walifanya, tena nyingi.

Kitabu chake cha 1922 kuhusu watawa wa Uingereza kina vituko. Nyumba za watawa zina madeni, mapaa yanavuja, na masista wanaingia kanisani na mbwa wao. Maaskofu walikataza mbwa, wakakataza na mavazi ya fasheni, miaka nenda miaka rudi. Wapi! (Eileen mwenyewe alipenda sana nguo nzuri, kwa hivyo nadhani alicheka akiandika hapo.)

Miaka miwili baadaye akatoa Medieval People. Humo anamchukua Bodo, mkulima wa Ufaransa wa zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, ambaye jina lake liko kwenye daftari la mashamba ya watawa pamoja na la mkewe Ermentrude na watoto wao watatu. Kutoka kwa maandishi hayo machache anakujengea siku yao nzima, hadi unamwona mama akipeleka kuku na mayai ya kodi.

Mwaka 1931 akawa profesa wa historia ya uchumi pale London School of Economics. Alifundisha pia watoto wa shule kupitia redio ya BBC.

Agosti 1940 moyo ukasimama ghafla. Alikuwa na miaka 51, na mihadhara yake kuhusu wanawake ilikuwa bado haijawa kitabu. Mumewe, Michael Postan, naye mwanahistoria, ndiye aliyeikusanya na kuichapisha kwa jina Medieval Women. Hiyo ilikuwa 1975.